Mtumwa, Mtumishi, Mtume: Historia ya maneno ya mzizi mmoja kando ya Tanganika

Siku moja ya mapumziko makubwa tulipanda kutoka Uvira mpaka milima ya Rurambo, kusaidia katekista katika mafundisho ya ubatizo. Siku ya Mungu katekista alisoma mwanzo wa Barua ya mtume Paulo kwa Waroma. Kisha Sala mzee mmoja alitungoja mlangoni pa kapela. Akasema: «Ninyi mafratri, munijibu neno moja. Paulo alikuwa mtu mkubwa, mwenye masomo. Mbona anajiita mtumwa? Kwetu hapa, ukimwita mtu mtumwa, mutafika wote wawili mbele ya mwami.»

Tulimjibu upesi, kama watu waliosoma: «Baba, mtumwa na mtumishi ni mamoja.» Mzee akatazama chini kidogo, kisha akasema: «Hapana, wana wangu. Mtumishi jioni anarudi kwake. Mtumwa hana kwake.»

Neno hili lilitushinda, wala hatukulisahau. Tulipofika seminari tulifungua vitabu vya Maandiko, vya luga na vya historia ya inchi yetu, tukaona ya kuwa mzee alisema kweli, na ya kuwa maneno haya mawili, pamoja na ndugu yao wa tatu, mtume, yamebeba historia nzima ya pwani ya ziwa letu. Historia ile tunataka kuieleza hapa. Faida yake kwetu si ya sarufi tu. Sisi tunajitayarisha kuitwa watumishi wa altare, na kila siku tunatamka maneno ambayo babu zetu waliyasikia kwa machozi.

I. Mzizi mmoja, matawi matatu

Tuanze na sarufi, kwani ndiyo mlango. Mzizi ni kutuma, maana yake kumpeleka mtu kwa kazi ao kwa habari. Katika mzizi huu Waswahili wametoa majina matatu ya watu.

La kwanza ni mtumwa. Linatoka kwa kutumwa, yaani kitenzi cha kutendwa. Mtumwa ni yule anayetumwa na mwingine. Hasemi «ninakwenda», husema «nimepelekwa».

La pili ni mtume. Linaishia kwa -e, kama mteule linavyotoka kwa kuteua. Mteule ni aliyeteuliwa. Vile vile mtume ni aliyetumwa. Basi mukipima maneno haya mawili kwa sarufi peke yake, mtumwa na mtume yana maana moja! Desturi ya watu ndiyo iliyoyatenga. Moja lilikwenda sokoni, likawa jina la mtu anayeuzwa. Lingine lilikwenda mahali pa sala: Waislamu wa pwani walilitumia kwa kumtaja Muhammad, na wamisionari walipofika walilichukua kwa kuwataja wale Kumi na Wawili ambao Bwana wetu aliwatuma. Hata leo katika maandiko yetu utume na utumwa vinatengana kwa herufi mbili tu. Msomaji mwenye haraka katika kapela anaweza kugeuza kazi ya Mitume kuwa minyororo.

La tatu ni mtumishi. Wengi wanafikiri linatoka mahali pamoja na mtumwa, lakini sivyo kabisa. Linatoka kwa kutumika. Katika luga hii k inageuka sh mbele ya -i ya mtendaji: anayepika ni mpishi, anayeandika ni mwandishi, anayetumika ni mtumishi. Mpishi na mwandishi ni watu wanaotenda kazi yao wenyewe. Basi na mtumishi ni vile: yeye ndiye mwenye tendo. Mtumwa anatendwa; mtumishi anatenda. Mzee wa Rurambo hakusoma sarufi, lakini sikio lake lilikwisha kusikia tofauti hii.

Kuna neno la ine la kale, mja. Kwa Kiswahili mja ni mtumwa, tena ni mwanadamu yeyote mbele ya Mungu; ndiyo sababu washairi wa pwani wanasema waja kwa maana ya watu wote. Neno hili si geni milimani kwetu. Wenye kusema Kinyarwanda na luga ndugu zake wanajua umuja, mtumishi wa kike asiye na uhuru, na bwana wake wanamwita shebuja. Neno mjakazi limetoka hapo. Wengi wanafikiri kwamba mwisho wake ni «kazi» ya mikono. Lakini -kazi hapa ni alama ya kale ya mwanamke, kama inavyosikika katika Umunyarwandakazi, mwanamke wa Rwanda. Mjakazi ni mja wa kike, basi.

Tena tusichanganye umuja na umugaragu. Umugaragu alikuwa mtu huru aliyejiweka chini ya mkubwa kwa ajili ya ngombe na ulinzi, katika mapatano yaliyoitwa ubuhake. Alikuwa na nyumba yake na jamaa yake, ingawa mzigo wake uliweza kuwa mzito sana, hata mwami Mutara III Rudahigwa akaivunja desturi ile katika Rwanda mwaka wa 1954. Mukiona hivi mutakubali kwamba babu zetu walikuwa na maneno mengi ya kumtaja mtu aliye chini ya mwingine, na kila neno lilikuwa na mpaka wake.

II. Uvira wakati wa masoko ya watu

Maneno haya yalifikaje kwetu? Yalifika kwa mashua na kwa misafara. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wafanya biashara wa pwani walijenga Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, wakafika Ujiji, wakavuka ziwa. Burton na Speke, Waingereza wawili, walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, walikuta biashara imekwisha kuota mizizi. Burton aliandika kwamba Uvira ilikuwa gala kubwa ya kaskazini: watumwa, pembe za tembo, nafaka, nguo za maganda ya miti, vyombo vya chuma. Katika hesabu ile watu wanatajwa pamoja na nafaka. Mwaka wa 1871, mwezi wa Novemba, Livingstone na Stanley walifika pande zile kutazama kama mto Ruzizi unatoka ziwani ao unaingia, wakaona unaingia. Lakini kwa watu wengi wa pwani yetu njia ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya kutoka: kwa mashua mpaka Ujiji, kwa miguu mpaka Tabora, na wengine mpaka bahari kubwa.

Katika soko lile Kiswahili kilikuwa na majina mengi, wala hayakuwa sawa. Mateka ni mtu aliyekamatwa vitani. Jana alikuwa baba wa mji, leo amefungwa. Rehani ni mtu ao kitu kilichowekwa kwa deni. Jamaa wakilipa, anarudi. Mtwana ni mtumwa wa kiume, mjakazi wa kike. Suria ni mjakazi aliyechukuliwa na bwana kama mke. Mzalia ni yule aliyezaliwa nyumbani mwa bwana, akajua luga na dini ya nyumba ile, na kumuuza ilikuwa haya kwa watu wa pwani. Mshenzi ni mtu wa bara aliyeletwa juzi, asiyejua luga. Huyu hakuna aliyemwonea haya. Ndugu msomaji, neno hili mshenzi, ambalo leo tunalitupa kwa urahisi tukikasirika njiani, lilikuwa jina la babu zetu kwenye mizani ya mwuzaji. Afazali tulisahau kinywani, tulikumbuke katika historia.

Tusidanganyane kwamba utumwa wote ulitoka mbali. Kabla ya misafara watu wetu pia walijua mtu aliyetolewa kwa deni, mtoto aliyeachwa wakati wa njaa, mwanamke aliyetekwa vitani. Lakini mara nyingi mtu yule alibaki karibu, akaoa ao kuolewa, na wajukuu wake wakawa watu wa ukoo. Biashara iligeuza ugonjwa wa kijiji kuwa tauni ya inchi, kwa sababu ilitia bei juu ya kila kichwa na bunduki katika kila ugomvi. Hapo ndipo lilipokuja lile jambo alilolitaja mzee wetu: mtu asiye na kwake.

III. Waungwana na luga yao

Kinyume cha mtumwa kilikuwa mwungwana. Pwani neno hili lina maana ya mtu huru wa kuzaliwa, tena mwenye adabu. Lakini katika misafara maana yake ilipata kuchekesha na kuhuzunisha. Wengi waliofika Maniema na ziwani kwa jina la Wangwana walikuwa wenyewe watumwa, ao watoto wa watumwa, waliochukua bunduki ao mizigo ya matajiri wa Zanzibar na Ujiji. Walivaa kanzu, walijua Kiswahili, wakajiita waungwana mbele ya watu wa bara. Mtu aliyekuwa mshenzi miaka kumi nyuma, leo alikuwa mwungwana, na aliwakamata wengine wawe washenzi mahali pake. Ndivyo zambi inavyozaa zambi.

Jina lile limebaki katika luga yetu yenyewe. Wageni wengi waliita Kiswahili cha Congo Kingwana, yaani luga ya Wangwana. Basi luga ambayo ndani yake tunasali, tunaungama na kuhubiri, ilikuja kwetu pamoja na minyororo, na jina lake la zamani lina maana ya luga ya watu huru. Mungu anaweza kuandika sawa juu ya ukurasa uliopinda.

Kumbe mwungwana na mtu huru hawana maana moja. Uungwana unamtaka mtumwa karibu yake: bila mtumwa, nani atajua kwamba mimi ni mwungwana? Uhuru, neno lililotoka kwa Kiarabu, lilikuwa kwanza hali ya mtu aliyeachwa na bwana wake. Baadaye likapanuka, hata mwaka wa 1960 likaweza kuwa neno la inchi nzima. Hakuna mtu mwaka ule aliyepiga kelele kutaka uungwana. Watu walijua, hata bila kufundishwa, kwamba uungwana ni wa wachache, bali uhuru ukiwa wa wachache si uhuru.

IV. Kununua, kukomboa, kuokoa

Mapadri Weupe, waliotumwa na Kardinali Lavigerie, walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Mwaka ule walianza Rumonge, katika Burundi. Mwaka wa 1880 Mulweba, kwa Wamasanze, upande wetu wa magaribi. Mwaka wa 1883 Kibanga, kusini zaidi kwenye pwani ile ile. Mwaka wa 1885 walipewa vituo vya Karema na Mpala. Kazi yao ya kwanza ilikuwa na jina moja: kukomboa. Walitoa nguo, ushanga na bidhaa nyingine, wakapokea watoto.

Hapa tunakutana na maneno mengine matatu yanayokaribiana. Kununua ni kutoa bei na kuchukua kitu. Kukomboa ni kutoa bei ili kitu ao mtu arudi mahali pake pa haki. Mtu anakomboa shamba lake lililowekwa rehani. Kuokoa ni kumtoa mtu katika hatari, kwa bei ao bila bei. Maandiko Matakatifu yana maneno haya yote. Paulo anawaambia Wakorinto kwamba walinunuliwa kwa bei, kwa neno la Kigiriki la sokoni kabisa. Petro katika Barua yake ya kwanza anatumia neno la fidia, yaani kukomboa. Na jina Yesu lenyewe lina maana ya kuokoa. Ndiyo sababu tunamwita Bwana wetu Mkombozi na Mwokozi, lakini hakuna anayemwita Mnunuzi, ingawa bei aliilipa.

Sasa tuulize kwa unyofu: siku ile sokoni, mwuzaji aliona nini? Aliona mnunuzi. Kwa macho yake bidhaa ya padri na bidhaa ya Mwarabu zilikuwa sawa, na mnunuzi mmoja zaidi hapunguzi biashara. Na mtoto aliona nini? Aliona mkono mwingine unamchukua. Kukomboa kulikuwa moyoni mwa padri. Nje kulionekana kununua. Tofauti ya maneno haya mawili haikuonekana siku ya bei. Ilionekana baadaye, katika yale aliyotendewa mtoto.

Na hapo historia ina pande mbili. Watoto wale walipata chakula, dawa, mafundisho, ubatizo na jina. Hakuna aliyewauza tena. Lakini wengi hawakuweza kurudi kwao: jamaa wamekufa ao wako mbali, na njia zimejaa bunduki. Walikua katika vijiji vya misioni, wakalima mashamba ya misioni, wakaoana kwa shauri la mapadri, chini ya amri za mapadri. Walikuwa wamekombolewa, je, walikuwa huru? Tunaamini kwamba wengine wao walijiuliza swali hili jioni, mbele ya moto. Kulitaja si kuwakosea heshima wamisionari, ambao wengi wao walikufa vijana kwa homa. Wengine walikufa kwa silaha: tarehe 4 Mei 1881, pale Rumonge, mapadri Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao d'Hoop waliuawa na Wabikari, na ugomvi ule ulihusu mtoto wa nyumba yao ambaye hawakukubali kumrudisha. Mtu anayenunua kitu hafi kwa ajili yake. Hapo walionyesha kwa damu kwamba neno lao lilikuwa kukomboa kweli.

Tutaje pia mtoto mmoja aliyekombolewa mbali na kwetu. Adriano Atiman alikamatwa katika inchi za mto Niger, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe. Alisoma uganga katika kisiwa cha Malta, akafika Karema mwaka wa 1889 kuwa katekista na mganga, akawatunza wagonjwa wa ziwa letu mpaka alipokufa mwaka wa 1956. Mtumwa aligeuka mtumishi, na mtumishi akafanya kazi ya mtume. Katika maisha ya mtu mmoja maneno yetu matatu yalikutana.

Lavigerie mwenyewe aliona kwamba kukomboa mmoja mmoja ni kuchota maji ya ziwa kwa kikombe. Mwaka wa 1888 alizunguka Paris, London na miji mingine ya Ulaya, akihubiri vita juu ya biashara ile. Mwaka huo huo Baba Mtakatifu Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazili barua juu ya utumwa, na tarehe 13 Mei Brazili ikafuta utumwa. Tena mwaka huo huo, mwezi wa Januari, Papa yule alikuwa amemtangaza mtakatifu Petro Claver, Mjezuiti wa Cartagena, ambaye katika nadiri yake ya 1622 alijiandika kuwa daima mtumwa wa watu weusi. Alichagua servus, neno lile zito, kwa sababu aliwahudumia watu walioitwa hivyo walipotoka katika merikebu.

V. Jina lilikwisha, mzigo ulibaki

Vita ya miaka 1892 mpaka 1894 ilivunja nguvu ya Waarabu na Wangwana katika Congo ya mashariki. Rumaliza wa Ujiji, aliyetawala masoko ya kaskazini ya ziwa, alishindwa mwanzoni mwa 1894, akakimbilia upande wa Wajerumani. Soko la watu lilifungwa. Kule Zanzibar sheria ya 1897 iliondoa haki ya bwana mbele ya hakimu, na katika Tanganyika utumwa ulifutwa mwaka wa 1922.

Lakini maneno mapya yalizaliwa upesi. Watu wengi ambao Serkali ya Leopoldo iliwatoa kwa Waarabu iliwaita «waliofunguliwa», kisha ikawatia katika uaskari na kazi zake bila kuwauliza. Walikuja mpagazi, kibarua na boyi. Amri ya 1917 ilileta mashamba ya lazima, na katika bonde la Ruzizi watu wa mlimani na wa pwani walijua jasho la pamba. Hakuna aliyeandikwa mtumwa katika vitabu vya serkali. Lakini mtu mzima mwenye watoto aliitwa boyi, neno la mtoto, na hili nalo lilikuwa namna ya kumnyima mtu kwake.

Kwa hiyo mtu asidanganywe na jina. Neno zuri linaweza kufunika jambo baya, na neno baya linaweza kubeba siri tukufu. Kipimo ni kile cha mzee: je, mtu huyu ana kwake? Ana nyumba ambamo yeye ndiye baba? Ana saa ambayo ni yake? Aweza kusema hapana?

VI. Maneno haya katika Maandiko

Turudi sasa kwa Paulo. Mwanzoni mwa Barua kwa Waroma Kigiriki kina doulos na apostolos. Haya mawili hayana mzizi mmoja. Mgiriki hakusikia udugu wowote ndani yao. Kwa Kiswahili yanageuka kuwa mapacha, mtumwa na mtume, yakikaa katika mstari mmoja. Luga yetu hapa ina utajiri ambao Kigiriki hakina: inaonyesha kwa sauti yenyewe kwamba aliyetumwa na Kristu ametumwa kweli, hana safari yake mwenyewe.

Watafsiri hawakufwata njia moja. Wengine wameandika mtumwa. Wengine, kwa kuogopa jeraha la wasikilizaji, wameandika mtumishi. Kwa Bikira Maria vivyo hivyo. Kilatini kina ancilla. Katika sala ya Malaika wa Bwana tumezoea kumsikia akijiita mtumishi. Biblia nyingine zimeandika mjakazi. Nani amefanya vema? Tunafikiri kila mmoja ameshika upande mmoja wa kweli. Mjakazi lina unyenyekevu wote wa neno la Luka, lakini pwani yetu mjakazi hakuulizwa kama anakubali, na Maria aliulizwa. Malaika alingoja jibu lake. Kwa hiyo mtumishi, mwenye tendo lake mwenyewe, linalinda jambo kubwa la siku ile, yaani ukubali wake.

Bwana wetu mwenyewe alitofautisha maneno haya. Katika Matayo, sura ya 20, anayetaka kuwa mkubwa awe diakonos, mtumishi. Na anayetaka kuwa wa kwanza awe doulos, mtumwa. Ni ngazi inayoshuka: kadiri mtu anavyotaka kupanda, ndivyo neno linavyozidi kuwa zito. Tukiandika mtumishi mara mbili, tumevunja kipandio kimoja cha ngazi. Papa Gregori Mkuu alipojiita servus servorum Dei, alishuka ngazi hiyo hiyo, na Mapapa waliomfwata wamelishika jina lile.

Katika Barua kwa Wafilipi Paulo anasema Kristu alitwaa hali ya doulos. Hapo tunaona kwamba neno mtumishi halitoshi kabisa. Mtumishi jioni anarudi kwake. Mwana wa Mungu hakuwa na mahali pa kulaza kichwa, akauzwa kwa vipande 30 vya feza, akafungwa, akapigwa fimbo, akafa kifo ambacho Waroma waliwapa watumwa. Wale waliopitishwa Uvira wakiwa wamefungwa shingo, hawakujua jina lake. Lakini yeye alikwisha kupita njia yao.

Tena kusudi lake halikuwa tubaki hapo. Katika Yohane, sura ya 15, anawaambia wanafunzi kwamba hawaiti tena watumwa bali rafiki, maana mtumwa hajui analofanya bwana wake. Na Paulo anapomrudisha Onesimo kwa Filemoni, anamwomba ampokee si kama mtumwa, bali kama ndugu mpendwa.

Mtakatifu Yosefina Bakhita aliyajua haya yote kwa ngozi yake. Aliibwa mtoto katika Sudan, akauzwa mara nyingi, akapewa uhuru Italia, akawa mtawa, akafa mwaka wa 1947. Mwaka wa 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu. Yeye alizoea kumwita Mungu Paron, kwa luga ya Venezia, maana yake Bwana mwenye mali. Alikuwa amejua mabwana wengi. Hakulitupa neno lile; alilitoa kwa wale wasiolistahili, akampa Mwenyewe.

VII. Jibu letu kwa mzee

Basi tulijifunza nini? Kwanza, tusiseme upesi kwamba maneno mawili ni mamoja. Watu wa vijiji wanazijua tofauti ambazo sisi tumezisahau vitabuni. Pili, mhubiri asilitamke neno mtumwa kama neno jepesi. Katika kusanyiko wamo wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza, wala hatujui nani amekaa kando ya nani. Na katika milima yetu, ambamo vita na chuki vimewafukuza watu wengi majumbani mwao, kumtukana jirani kwa jina la mtumwa, ao la mgeni asiye na kwake, ni kufungua soko lile tena. Tatu, tusilifute neno hili katika Maandiko kwa kuogopa. Likifutwa, watu hawatajua Kristu alishuka mpaka wapi.

Tarehe 18 Agosti 2024, Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa jina la Baba Mtakatifu Fransisko, aliwatangaza wenye heri mashahidi wane waliouawa tarehe 28 Novemba 1964: huko Baraka, padri Luigi Carrara na fratri Vittorio Faccin, huko Fizi, padri Giovanni Didonè na Abé Albert Joubert. Watatu walikuwa Waxaveri kutoka Italia. Wa ine, Abé Joubert, alikuwa mtoto wa pwani yetu: baba yake ni Kapiteni Joubert, aliyewalinda watu wa Mpala na Mrumbi juu ya wakamata watumwa, mama yake ni Agnes Atakaye, Mwafrika wa inchi ile. Baba alipigana ili watu wasiwe watumwa. Mwana alijitoa kwa kupenda kwake, akawa mtumishi wa altare, akatumwa kama mtume, na siku ya mwisho akashikwa na kuuawa. Hakuna aliyemnunua.

Tulipopanda tena Rurambo tulimtafuta yule mzee, tukamwambia: «Baba, ulisema kweli. Mtumwa hana kwake. Paulo alijiita mtumwa kwa sababu aliacha kwake kwa hiari, ili kwake pawe kwa Kristu.» Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akauliza: «Na huyo Bwana wake, alimwuza?» Tukajibu: «Hapana. Huyo Bwana aliuzwa yeye mwenyewe.» Akasema: «Basi musome hivyo hivyo. Musibadili neno.»